Gongo zuri la hoki si lazima liwe la jina kubwa

MCHEZAJI wa mpira wa magongo kisiwani Mombasa, awe anachezea uwanja wa nyasi wa Mombasa Sports Club (MSC) au anafanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji Mji wa Kale, hukabiliwa na swali moja kila anapotaka kununua kifaa chake: je, jina lililochapishwa kwenye gongo linastahili bei yake?

Swali hilo halikuwa na uzito zamani. Kenya ilipomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza jijini Barcelona mwaka 1971, wachezaji walitumia magongo ya mbao, na tofauti baina ya gongo moja na jingine ilionekana kwa macho. Siku hizi mengi ni ya kompositi, yaani nyuzi za kaboni, kioo na aramidi zilizogandishwa pamoja kwa gundi ngumu ya resini. Ubora wake umejificha chini ya rangi.

Linalopaswa kufahamika ni kwamba sehemu kubwa ya magongo ya kompositi duniani hutengenezwa katika mji mmoja, Sialkot nchini Pakistan. Huko viwanda huunda magongo ya kampuni mashuhuri na yale ya kampuni ambazo wengi hawajazisikia. Mnunuzi wa jina kubwa hulipia pia matangazo na wachezaji nyota.

Hata hivyo, kutoka mji mmoja si hakikisho la ubora mmoja. Kiwanda hufuata maagizo ya mwenye oda, na oda ya bei ya chini huweza kupewa nyuzi hafifu. Kwa hiyo anayenunua gongo la jina geni asome vipimo badala ya nembo. Muuzaji asiyeweza kuvitaja vipimo hivyo hafai kuaminiwa.

Kiasi cha kaboni

Kaboni hulipa gongo ugumu. Lenye asilimia 70 na zaidi hutoa pigo kali, lakini husamehe makosa machache: mpira usiotulizwa vyema hudunda na kumtoka mchezaji. Anayeanza, au mwanafunzi, atafaidika zaidi na gongo lenye kaboni ya asilimia 10 hadi 40, ambalo aghalabu pia huwa nafuu. Aramidi hupunguza mtetemo unaoumiza mikono.

Mpindo, urefu na uzito

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Hoki (FIH) haziruhusu mpindo unaozidi milimita 25, wala gongo lisilopita katika pete yenye kipenyo cha milimita 51. Uzito usizidi gramu 737, na urefu usizidi sentimita 105. Gongo linalokiuka kanuni hizi laweza kukataliwa na mwamuzi, na fedha za mnunuzi zikawa zimepotea.

Mpindo mkubwa ulio karibu na kichwa huwafaa wataalamu wa kuinua mpira katika kona fupi. Wengine wote watatosheka na mpindo wa wastani ulio katikati ya gongo. Kuhusu urefu, lisimamishe kando ya mguu: ncha yake ifike kwenye mfupa wa nyonga. Watu wazima wengi hutumia inchi 36.5.

Tahadhari kwa wanaoagiza kupitia intaneti: gongo la hoki ya barafu ni kifaa kingine kabisa, lenye bapa refu na jembamba. Kenya ina timu ya mchezo huo, Ice Lions ya Nairobi, na nchi ilipokewa katika shirikisho lake la kimataifa mwaka 2024. Lakini gongo lao halitumiki MSC. Hakikisha maelezo yanataja hoki ya uwanjani.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Lielekeze gongo kwenye jicho uangalie kama limenyooka upande kwa upande. Kagua kichwa, hasa pale kinapokunjika, kwani ndipo nyufa huanzia. Kisha ligonge taratibu kwa sarafu kuanzia mpini hadi kichwani. Mlio ukififia ghafla mahali fulani, huenda tabaka zimeachana ndani.

Uliza dhamana ni ya muda gani, na nani atakayeitekeleza hapa nchini. Kwa gongo la kuagiza ng'ambo, jumlisha nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulilinganisha na la dukani. Mara nyingi unafuu uliotarajiwa huyeyuka hapo.

Utunzaji Pwani

Kompositi haiozi kwa unyevu kama mbao, ila joto kali hudhoofisha gundi. Usiliache gongo ndani ya gari lililoegeshwa juani. Saruji nayo hukwangua kichwa upesi. Afanyaye mazoezi huko atenge gongo kuukuu la kazi hiyo. Utepe wa mshiko unaoteleza kwa jasho ubadilishwe. Ni gharama ndogo.

La muhimu zaidi ni usalama. Gongo la mbao lililopasuka liliweza kufungwa utepe likaendelea kutumika. La kompositi likipasuka mpini haliponi: nyuzi zake huchoma mkono, na kipande kinachokatika wakati wa pigo chaweza kumjeruhi mwenzako. Liondoe uwanjani siku hiyo hiyo.

Kwa mzazi mwenye bajeti ndogo, basi, gongo la jina lisilovuma lenye vipimo vilivyoandikwa wazi, kaboni ya wastani na dhamana ya kweli ni ununuzi wa busara kuliko gongo ghali lililoundwa kwa mahitaji ya mchezaji wa timu ya taifa.