Walipima ubongo, wakadhani wamepima akili

WANAFUNZI wa shahada ya kwanza wanaosomea sayansi ya neva hunijia mara kwa mara wakitaka istilahi. Neva tuite neva au mishipa ya fahamu? Seli za ubongo tuziiteje? Maswali hayo ni ya maana, na wanaisimu wetu wana wajibu wa kuyajibu. Hata hivyo, kuna maneno mawili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza juu yake kwa kuwa kila Mswahili anayajua tangu utotoni: ubongo na akili. Katika makala haya, ninanuia kuonyesha kwamba kuyachanganya maneno haya mawili kuliwahi kuwagharimu Wakenya pakubwa.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Ubongo ni kiungo cha mwili. Una uzito na rangi, na daktari anaweza kuushika mkononi. Akili, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni uwezo wa kufikiri, kupambanua na kuamua. Ndiyo maana husemwa mtu amerukwa na akili, wala si ubongo. Methali nayo hutukumbusha kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ni kweli kwamba mitaani tunasema 'tumia bongo lako', na wenzetu Watanzania wanaiita nchi yao Bongo kwa kuwa eti kuishi huko kunahitaji ujanja. Lakini hiyo ni sitiari tu. Hakuna anayedhani kuwa mjanja wa Kariakoo ana kichwa kizito kuliko mkulima wa Mbeya.

Sasa tuitazame historia. Mwanafunzi yeyote wa taaluma hii hukutana mapema na Paul Broca, daktari Mfaransa. Mnamo 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Broca alimhudumia mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, 'tan'. Alipofariki, Broca aliupasua ubongo wake na kukuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Huo ukawa msingi wa utafiti wa jinsi ubongo unavyoshughulikia lugha, na sehemu hiyo ingali inaitwa kwa jina lake.

Lisilotajwa sana ni kwamba Broca huyohuyo alipima uzito wa bongo na ujazo wa mafuvu, akawapanga binadamu kwa madaraja: wanaume juu ya wanawake, Wazungu juu ya Waafrika. Kwa mkono mmoja alitupa elimu ya lugha, kwa mkono mwingine akatupa mizani.

Mizani hiyo ilifika Nairobi. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya Waafrika na kutangaza kuwa uwezo wao wa kiakili una upungufu wa kuzaliwa. Mnamo 1933 walowezi na madaktari walianzisha hapa Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mwaka uliofuata, F. W. Vint, mwanapatholojia wa maabara ya serikali, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa 'mwenyeji wa Kenya'. Alidai kuwa uzito wa wastani ulikuwa gramu 1,276, ilhali ule wa Mzungu ni gramu 1,428.

Ulinganisho huo ulikuwa na walakini. Takwimu za Wazungu zilikuwa zimekusanywa kwingine na watu wengine. Fauka ya hayo, uzito wa ubongo hubadilika kulingana na ukubwa wa mwili, umri, lishe, maradhi na hata muda uliopita tangu mtu kufa. Lakini tuseme hata kama vipimo vyake vingekuwa sahihi, Vint alikuwa amepima nini? Alikuwa amepima ubongo. Waliomsoma wakadhani amepima akili, na Gordon na wenzake wakatumia madai ya aina hiyo kuuliza kama kweli Mwafrika anaistahimili elimu ya Kizungu. Basi gramu zikageuka hoja ya kumnyima mtoto darasa.

Mambo hayakuishia hapo. Mnamo 1938, J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo aliutumia utafiti wa Vint, akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi na uhuru, yeye akaandika juu ya kasoro za nafsi zao, na kijitabu chake kikaunga mkono kukusanywa kwa Wakikuyu katika vijiji vya lazima.

Waliojibu walikuwapo. Frantz Fanon alimtaja Carothers na kumkosoa katika kitabu chake cha 1961. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanzisha huduma za Aro mjini Abeokuta, aliyapinga maandishi hayo kuwa hadithi zilizovishwa joho la sayansi. Kumbe dunia ni duara: Lambo baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa WHO, shirika lilelile lililomchapisha Carothers.

Sayansi yenyewe nayo imeiacha mizani hiyo. Ubongo wa mwandishi Anatole France, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 1921, ulikuwa na uzito wa takriban gramu 1,017 tu, ilhali ule wa Ivan Turgenev wa Urusi ulizidi gramu 2,000. Nani atathubutu kusema kuwa mmoja alikuwa na nusu ya akili ya mwenzake? Leo watafiti huhesabu seli za neva, zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, na hasa huchunguza jinsi zinavyowasiliana.

Kwa mtazamo wangu, mwanafunzi wa sayansi ya neva nchini Kenya anapaswa kusoma habari za Vint na Carothers katika mwaka wake wa kwanza, sambamba na za Broca. Yeye ndiye atakayeshika picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine za kisasa, na picha hizo nazo zina ushawishi wake. Atakapoonyeshwa doa linalong'aa na kuambiwa hii ndiyo tabia ya mtu au ya kabila fulani, ajiulize kwa Kiswahili: hapa nimeonyeshwa ubongo au nimeonyeshwa akili? Istilahi tutaendelea kuziunda. Swali hilo halihitaji istilahi mpya, kwa maana maneno yake tunayo tangu jadi.