Tarafa: daraja la utawala lililobaki na jina

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 100 tangu serikali ya Gavana Donald Cameron ipitishe Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, iliyowafanya machifu wa Tanganyika kuwa watendaji wa mkoloni. Hakuna anayeandaa sherehe, wala haihitajiki. Lakini kwa watu wa wilaya ya Rungwe, mwaka 1926 ndio unaoeleza kwa nini mpaka leo fomu za serikali zina nafasi ya kuandika tarafa.

Mtu aliyekaa kwenye benchi la Hospitali ya Makandana, Tukuyu, akisubiri kuitwa, atakutajia kijiji na kata yake bila kusita. Ukimuuliza tarafa, huenda akamgeukia jirani. Wilaya imezoea kuhesabiwa tarafa nne: Tukuyu, Ukukwe, Busokelo na Pakati, ambayo jina lake halihitaji mkalimani.

Asili ya neno ni Kiarabu, taraf, yaani ukingo au upande. Katika Kiswahili cha zamani mtu alisema “kwa tarafa yangu” akiwa na maana ya kwa upande wangu. Baadaye likawa upande wa nchi: kipande cha wilaya chenye kata kadhaa ndani yake. Kenya nako tarafa ilikuwepo, chini ya ofisa wa serikali aliyeitwa Di-O (District Officer). Maneno ya utawala huhama: jimbo, ambalo leo ni eneo la mbunge, enzi za Mwingereza lilikuwa mkoa mzima, na Rungwe ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

Wajerumani walianza na boma la Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha wakapanda milimani na kujenga Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likaiteka. Mwingereza akaipa wilaya jina la mlima Rungwe, na hapo ndipo ulipoanza mgogoro kati ya mipaka ya serikali na desturi ya wenyeji, Wanyakyusa.

Anayeueleza vizuri zaidi ni Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaonyesha jamii isiyokuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na malafyale, yaani machifu, wengi, kila mmoja na eneo lake dogo, na maeneo hayo hayakukusudiwa kudumu.

Wavulana wa miaka 10 au 11 waliondoka nyumbani kwa wazazi, wakajijengea vibanda pembeni mwa kijiji. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba, lakini kulala walilala kwao. Kijiji kile cha rika kilikua pamoja nao, wakaoa humo humo. Walipofikia umri wa miaka thelathini na kitu, nchi nzima ilifanya ubusoka, yaani kutoka. Mioto ya zamani ilizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya, nao ukagawiwa. Wana wawili wakubwa wa malafyale walisimikwa pamoja na wakuu wa vijiji wa rika lao, miti ikapandwa kuwa kumbukumbu. Baba na rika lake wakajitenga, na nchi ikagawanywa sehemu mbili.

Kwa hiyo kila kizazi mipaka ilichorwa upya, na vijana walijua siku yao ya kushika nchi itafika. Bwana Shauri wa Tukuyu, yaani ofisa wa Kiingereza aliyeongoza wilaya, hakuweza kufanya kazi na utaratibu huo. Alitaka machifu wachache, kodi inayojulikana inakusanywa wapi, baraza lenye eneo lisilobadilika. Serikali ikapendelea kuunganisha, na desturi ikataka kugawa. Serikali ikashinda. Ubusoka ukapungua maana, kwa kuwa kijana angekabidhiwa nini wakati mpaka umeshafungwa kwenye ramani ya boma?

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na daraja lao, lililo kati ya wilaya na kata, likabaki mikononi mwa Katibu Tarafa. Miaka ya 1970 Kyela ikamegwa kutoka Rungwe. Sheria za 1982 zikarudisha halmashauri, na katika muongo uliopita Busokelo nayo ikapata halmashauri yake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 iliitambua tarafa, lakini kama ngazi ya mtumishi wa serikali kuu. Kata ina diwani, kijiji kina mkutano mkuu. Tarafa haina baraza, haina mjumbe aliyepigiwa kura.

Tumerithi mstari wa mkoloni tukaacha hoja yake, na hoja ya Wanyakyusa hatukuirudisha. Wale walioamini kwamba kila kizazi kina haki ya kupewa nchi wakiwa bado na nguvu walikuwa na la kutufundisha zaidi kuliko ramani ya Bomani. Kama tarafa ina kazi, ipewe baraza na fungu lake. Kama haina, waheshimiwa wabunge waiondoe kwenye sheria, wananchi wapunguziwe mstari mmoja wa kujaza kwenye fomu.