Maharage ya mama yanayoishinda kompyuta

Najua nimeadimika humu, mitihani ilinibana kweli kweli. Leo nina stori ya kihistoria, na inaanzia shambani kwetu Yakobi, kule Njombe kwenye baridi.

Mwanzoni mwa 2022 nilikuwa nyumbani. Mahindi yanadai mbolea ya kukuzia, na bei ya mfuko wa kilo 50 imevuka shilingi 100,000. Ruzuku ya serikali ilikuja baadaye, mwezi wa nane. Mama akaniangalia: "Mwanangu, wewe si unasoma kemia? Mbolea mtatutengenezea lini?" Nikacheka kwa aibu, huku nang'oa mche wa harage uliokuwa katikati ya mahindi. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ndani ya vile vinundu kuna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia, kwenye udongo uleule wa baridi. Binadamu tulilijua hilo kwa njia ya Fritz Haber, 1909, na kiwanda kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, 1913. Lakini sisi tunahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, mgandamizo mkubwa, na gesi asilia kibao. Ndiyo maana gesi ikipanda Ulaya, mfuko unapanda Njombe.

Kwa nini tusiige maharage? Kwa sababu hatujaelewa vizuri bakteria anavyofanya. Moyo wa kimeng'enya chake una atomu 7 za chuma, 9 za salfa, moja ya molibdenamu na moja ya kaboni. Hiyo kaboni yenyewe ilitambuliwa 2011 tu! Elektroni zake zimefungamana kiasi kwamba huwezi kuihesabu moja ukaziacha nyingine.

Kuhesabu molekuli kulianza 1927, Heitler na London walipoikokotoa molekuli ya haidrojeni kwa kalamu. Mwaka 1929 Dirac akasema sheria tunazo, tatizo milinganyo ni migumu mno. Na kweli: kila nafasi ya elektroni ukiongeza, hesabu inakuwa mara mbili. Zikifika 50, unavuka trilioni elfu moja. Kohn na Pople walipata Nobeli 1998 kwa njia za mkato, na zimesaidia sana, ila kwenye moyo wa kile kimeng'enya zinayumba.

Mwaka 1981 Richard Feynman akaja na wazo: maumbile ni ya kwantamu, basi tuyaige kwa mashine ya kwantamu. Mwaka 2005 Aspuru-Guzik na wenzake wakaonesha namna ya kukokotoa nishati za molekuli kwa mashine hiyo. Mwaka 2010 haidrojeni ikakokotolewa kwa chembe za mwanga. Mwaka 2017 IBM wakafika kwenye molekuli ya atomu tatu, na mwaka huohuo Reiher na wenzake wakapiga hesabu ya mashine itakayohitajika kwa kimeng'enya cha naitrojeni. Mashine hiyo bado haijajengwa. Kwa hiyo wadau, harage la Yakobi bado linaongoza.

Na sisi je? Hatujakaa tu. Mwaka 2012 Eldoret, Kenya, ilipokea shule ya Afrika ya kukokotoa elektroni katika maada. Arusha, pale Taasisi ya Nelson Mandela, wanakemia wamekuwa wakikokotoa molekuli kwa kompyuta za kawaida. Msingi ni uleule: hesabu, subira na umeme usiokatika, he he.

Mama sikumjibu siku ile. Leo ningemwambia: Mama, mbolea sijaitengeneza, ila nimeshajua swali liko wapi. Liko kwenye mizizi ya maharage yako, tangu zamani.

Wadau wa kemia, mnaoikimbia kwantamu mkisema haina faida kijijini, hebu rudini darasani. Tuko pamoja!