Kutoka Boma la Tukuyu hadi Masijala ya Kijiji

Mkulima wa kata ya Suma, wilayani Rungwe, akitaka kujua shamba lake la migomba limeandikishwaje, huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo iliyomkabidhi mtendaji masijala ya ardhi.

Zamani karatasi hazikuwekwa kwa ajili ya mkulima. Wajerumani walipojenga boma Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg, makarani waliandika ili serikali ijue watu wake. Waingereza waliowafuata walikuwa na kitabu cha wilaya, ambamo ofisa mmoja alimwandikia mwenzake atakayempokea habari za machifu na mila za Wanyakyusa. Kitabu hicho cha Rungwe hutumiwa na wanahistoria hadi leo, ila hakikuandikwa ili Mnyakyusa akisome.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliipa nguvu Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Usalama wa Taifa ikafanya kutoa nyaraka za siri kuwa kosa la jinai. Ndipo mtumishi wa masijala alipozoea kwamba anayelinda faili yuko salama kuliko anayelitoa. Mazoea hayo hayajaisha.

Mwaka 2002 ikaja Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na utunzaji wa kumbukumbu ukawa taaluma inayosomewa katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Kisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikataka ofisi za umma ziteue maafisa taarifa, na ombi la mwananchi lijibiwe ndani ya siku 30. Uganda, iliyotunga sheria yake mwaka 2005, iliweka siku 21.

Lakini soma matangazo ya ajira. Msaidizi wa kumbukumbu hutakiwa awe amesomea utunzaji wa kumbukumbu. Mtendaji wa kijiji hutakiwa awe na cheti cha utawala, sheria, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii. Kumbukumbu hazimo, ingawa masijala ni yake! Hilo ni pengo kubwa, na linaumiza pale wajukuu wanapogombania shamba la babu. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu. Watendaji wa Rungwe wapelekwe huko wakasome.