Njia ya Kubadili Idadi ya Vipimo katika Nadharia ya Uga wa Kwanta: Fadhila na Mipaka Yake

Mkulima wa Songea apimapo shamba lake hutumia vipimo viwili, urefu na upana; apimapo ghala la mahindi huongeza kimo, vikawa vitatu. Wanafizikia huongeza wakati, vikawa vinne. Hapana apimaye kitu kwa vipimo vitatu na nusu. Walakini hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoitengenezea nadharia ya uga wa kwanta njia iliyo nyofu.

Shida ilikuwa hii. Elektroni mbili zikiathiriana, hesabu hujumlisha nishati za kila kadiri, na jumla hukua pasipo ukomo. Katika mwaka wa 1949 Wolfgang Pauli na Felix Villars waliingiza chembe nzito za kubuni, kisha wakaziondoa. Njia hiyo ilifaa kwa umeme, lakini ilivunja kanuni za ulinganifu ambazo ndizo msingi wa nadharia za nguvu nyingine za ndani ya atomu.

Katika mwaka wa 1972 Gerard 't Hooft na Martinus Veltman, wa Utrecht nchini Uholanzi, walibadili idadi ya vipimo yenyewe, hata ikawa si namba kamili. Hapo jumla hupata ukomo, na sehemu iliyo mbaya hujitokeza peke yake vipimo vikaribiapo vinne, ikaweza kutengwa. Mwaka huo huo Carlos Bollini na Juan José Giambiagi walichapisha wazo lilo hilo kutoka La Plata, Argentina, mbali na vituo vikubwa vya Ulaya. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1999 walipewa Waholanzi kwa kazi yao juu ya nguvu ya umeme na nguvu dhaifu. Lakini historia ya haki haina budi kuyataja majina yote manne.

Fadhila ya njia hii ni kwamba ulinganifu husalimika, kwa kuwa kanuni zake ni zile zile kwa idadi yoyote ya vipimo. Upungufu wake watoka katika chanzo hicho hicho. Tofauti ya mkono wa kushoto na wa kulia, ambayo nguvu dhaifu huifuata, hufafanuliwa kwa vipimo vinne hasa; idadi ikibadilika, kanuni hiyo huyumba, na mwenye kukokotoa hulazimika kuirekebisha mwenyewe. Usawa unaodhaniwa kuwapo baina ya jamii mbili za chembe nao huvunjika. Warren Siegel alitoa dawa yake mwaka 1979. Mwaka 1980 yeye mwenyewe akaonyesha kwamba dawa hiyo yajipinga.

Kwa hiyo njia hii hulinda kila kanuni isiyotegemea idadi ya vipimo, na iitegemeayo huiacha bila ulinzi.