Jina la mwenye tovuti

Rafiki yangu hapa Nyamongo anataka kufungua tovuti ya habari za mgodi wa North Mara. Kaniuliza: jina langu litaonekana?

Historia yake ni hii. Mwaka 1982 WHOIS ilikuwa kama kitabu cha simu cha watumiaji wa ARPANET, Marekani. Baadaye ikaanika majina, anwani na simu za wenye tovuti wengi. Mei 2018 sheria ya faragha ya Ulaya ikafanya mengi yafichwe, ingawa zipo kampuni zinazouza nakala za zamani.

Lakini Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alishtakiwa Kisutu: hakuwapa polisi taarifa za wachangiaji, na tovuti haikuwa ya .tz.

Nimemjibu: Google utaikwepa, polisi watamfuata anayetunza orodha. Mchague vizuri.