Spineli ya Waridi ya Mahenge

Jiwe hili la rangi ya waridi, lililoumbika ndani ya marumaru ya Mahenge, wilayani Ulanga, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ni spineli, yaani mchanganyiko wa magnesi, alumini na oksijeni, uliotiwa rangi na kromi kidogo tu, na ambao ugumu wake ni 8 katika kipimo cha Mohs, almasi ikiwa 10. Mwaka 2007, huko Ipanko, karibu na Mahenge, wachimbaji walifukua pande moja lenye uzito wa zaidi ya kilo 50, na jina la Mahenge likaenea katika masoko ya vito duniani.

Zamani spineli ilidhaniwa mara nyingi kuwa yakuti, na hata ile “yakuti” nyekundu iliyo mbele ya taji la wafalme wa Uingereza ni spineli. Basi ikarithi na sifa za kitabibu za yakuti, ambayo tabibu Ibn Sina aliihesabu miongoni mwa dawa za kuufurahisha moyo. Wazee wa Temeke na Kinondoni wavaao pete za akiki kwa kutaraji baraka na kinga hawataistaajabia itikadi hiyo, ijapokuwa mwenye maradhi ya moyo ni heri atangulie hospitali.

Jiwe hili limewekwa bila ya kuchongwa, kwa makusudi, upate kuziona nyuso zake nane za asili.